Dumuzi: Mdudu anayekula makopa ya Newala na Masasi, na hela ya korosho pia

Ukiona unga mweupe unadondoka kutoka darini kwenye nyumba ya Newala au Masasi, usidhani ni vumbi. Mara nyingi ni dumuzi, na hapo keshafika mbali.

Mdudu huyu ni mgeni. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati. Nchini aligundulika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakulima wakambatiza "Scania", jina la lori. Tangu hapo amesambaa mikoa mingi, akisafiri ndani ya magunia ya mahindi na makopa.

Kwa nini Kusini inaumia

Kwingine dumuzi anajulikana kwa kula mahindi. Lakini kwenye uwanda wa Makonde akiba kubwa ya nyumba ni muhogo, na makopa anayapenda sana. Utafiti uliofanyika Tanzania miaka ya 1980 ulionyesha kuwa makopa yakikaa miezi minne yanaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake. Yaani magunia manne ya Agosti yanabaki chini ya mawili ifikapo Desemba.

Na Desemba ndiyo watu wanaingia shambani. Hela ya korosho iliyopangiwa ada ya shule na bati inaishia kununua unga dukani.

Utamjuaje

Ana urefu wa milimita 3 hadi 4.5, rangi ya kahawia iliyoiva, mwili kama kipande cha penseli. Ukimtazama kwa juu huoni kichwa, kimejificha chini ya kifua. Fukusi ni rahisi kumtofautisha: ana pua ndefu. Dalili nyingine ni unga mwingi na matundu ya duara, hata kwenye vikapu na miti ya ghala. Ndiyo maana kubadili gunia tu hakutoshi. Dumuzi anaweza kusubiri kwenye mbao mpaka mavuno yajayo.

Cha kufanya

Kwanza, safisha ghala kabla ya kuingiza kipya. Masalia ya mwaka jana yachomwe, miti iliyotobolewa iondolewe.

Pili, mahindi yapukuchuliwe kabla ya kuwekwa dawa, maana yakiwa kwenye gunzi dawa haimfikii mdudu. Tumia ya unga yenye viambato viwili: kimoja cha fukusi, kingine cha dumuzi. Dawa ya fukusi peke yake haimwezi. Kipimo kifuatwe kama kilivyoandikwa kwenye pakiti.

Tatu, mifuko ya kinga njaa haihitaji dawa. Ina tabaka tatu; ikifungwa vizuri hewa inaisha na wadudu wanakufa. Sharti nafaka ikauke. Tia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa, tikisa: chumvi ikinata, bado mbichi. Makopa yakatwe vipande vidogo, yakauke kabisa, yasiwe na ncha za kutoboa plastiki.

Nne, dawa ya mikorosho isiguse chakula. Salfa ni ya ubwiri unga, haiui dumuzi, na makopa yanatwangwa na kuliwa yote.

Tatizo liko wapi

Korosho ina mfumo: AMCOS, maghala, minada, pembejeo za ruzuku. MAMCU na TANECU zinajua kila kilo iliyoingia ghalani. Makopa yana dari la jikoni tu, na hasara yake haiandikwi popote kwa sababu hayapiti mnadani.

Njia ya kufikisha salfa vijijini ipo tayari. Mifuko ya kuhifadhia chakula ingeweza kupita njia hiyo hiyo, ikifika kabla ya makopa kukauka, siyo baada ya dumuzi kupanda darini. Mpaka hapo, kila nyumba inajilinda yenyewe: angalia dari kila wiki mbili, na ukiona unga, shusha magunia yote siku hiyo hiyo.