Kazi ya Nyumbani ya Hisabati: Tusahihishe Njia, Si Jibu Peke Yake

Ni desturi iliyozoeleka katika shule zetu za msingi kwamba mwalimu wa Hisabati hufunga kipindi kwa kuandika ubaoni maswali 10 au 20 ya kufanyia nyumbani. Kesho yake hukusanya madaftari na kutia alama ya vema au ya kosa kwa kutazama mstari wa mwisho tu. Kwa maoni yangu, desturi hiyo humnyima mwanafunzi nusu ya mafunzo, na humnyima mwalimu habari anayoihitaji kuliko zote.

Tuchukue mfano mwepesi. Mwanafunzi apewapo 503 kutoa 268, huenda akaandika 365. Jibu hilo si la kubahatisha. Mtoto ametoa tarakimu ndogo katika kubwa kila mahali: 8 kutoa 3, 6 kutoa 0, 5 kutoa 2. Anayo kanuni, ila ni kanuni potofu, na ataitumia tena katika maswali yote yanayofuata. Alama ya kosa haimwambii lolote. Hana budi kuongozwa hatua kwa hatua: mamia 5 yafunguliwe yawe mamia 4 na makumi 10, kisha kumi moja lifunguliwe, tubaki na makumi 9 na mamoja 13. Hapo 13 kutoa 8 ni 5, 9 kutoa 6 ni 3, 4 kutoa 2 ni 2. Jibu ni 235. Mwishowe ajumlishe 235 na 268. Akipata 503, amejisahihisha mwenyewe.

Katika mafumbo ya maneno haja ya hatua ni kubwa zaidi. Mwalimu afundishaye Keko hahitaji kuyatafuta mbali, kwa kuwa mtaa huo unajulikana kwa mafundi seremala na samani zao. Fundi ana ubao wa futi 12, naye anataka vipande vya futi 2½. Atapata vingapi, na kitabaki nini? Wengi watagawanya vizuri na kupata 4⅘, kisha wataandika kwamba vipande ni 4 na masalio ni ⅘ ya futi. Hesabu ni sahihi, lakini maana imepotea. Hiyo ⅘ ni ya kipande, si ya futi. Vipande 4 vimetumia futi 10, hivyo zimebaki futi 2. Mtoto wa seremala ataongeza kwamba msumeno nao hula mbao kidogo kila ukatapo, na mwalimu mwema ataipokea hoja hiyo kwa furaha.

George Pólya, katika kitabu chake *How to Solve It* cha mwaka 1945, alitaja hatua nne: kulielewa swali, kupanga njia, kuifuata, na kutazama nyuma. Sisi twahimiza ile ya tatu na kuzisahau nyingine. Mwaka 2012, mtihani wa kumaliza Darasa la Saba ulipoanza kusahihishwa kwa mashine, hata Hisabati ikawa ni kuchagua herufi. Herufi haionyeshi njia. Ndiyo maana daftari lapaswa kuionyesha.

Najua pingamizi litakalotolewa: madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kusoma hatua za kila mtoto. Ni kweli. Lakini dawa ni kupunguza maswali, si kupunguza usahihishaji. Maswali 4 yenye njia kamili yana faida kuliko 20 yenye majibu matupu, ambayo pengine yameandikwa na kaka, dada au mwalimu wa tuisheni. Aidha, mwalimu aweza kuchagua kosa moja lililoenea, akaliandika ubaoni bila kutaja jina la mtoto, na darasa zima likatafuta ni hatua gani iliyopotoka.

Kwa hiyo napendekeza kwamba vyuo vyetu viwazoeze wanachuo kusoma makosa kama wanavyozoezwa kuandaa maandalio ya somo. Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha na arudi na makosa 10 aliyoyakusanya kutoka madaftarini, na kwa kila moja aeleze mtoto alifikiri nini. Atakayeweza hilo amekuwa mwalimu wa Hisabati. Asiyeweza bado ni msahihishaji tu.