Sarafina Aingia Bwera

Mtu aupendaye mchezo wa kuigiza kwa miaka mingi hudhani ameshaumaliza. Nyimbo zake azijua, atakayekufa amjua, wala hatazamii jambo jipya. Lakini mchezo huo huo ukichezwa mbele yake na watoto anaowafahamu, humjia kama mgeni. Hayo ndiyo yaliyoipata familia moja ya askari polisi wa Kasese, iliyokwenda Bwera kuwatazama wanafunzi wa shule ya bweni wakicheza "Sarafina!".

Mchezo huo wa nyimbo na ngoma ulitungwa na Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini, na katika muziki alishirikiana na Hugh Masekela. Ulionyeshwa kwanza mjini Johannesburg mwaka 1987, ukafika Broadway, New York, mwaka 1988, na mwaka 1992 ukatolewa filamu. Leleti Khumalo, aliyekuwa Sarafina jukwaani, ndiye aliyekuwa Sarafina katika filamu pia. Habari zake zatokana na vuguvugu lililoanza tarehe 16 Juni 1976, wanafunzi wa Soweto walipoandamana kuikataa amri ya kufundishwa kwa Kiafrikaans, na polisi wakawafyatulia risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Tangu mwaka 1991 nchi za Afrika huiadhimisha tarehe hiyo kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika, na kwa sababu hiyo shule ile iliuchagua mchezo huo.

Askari huyo aliipenda filamu hiyo tangu ujana wake, hata mkewe akawa hodari wa kuziimba nyimbo zake akiwa mekoni. Basi binti yao alipoandika kwamba amepewa nafasi miongoni mwa waimbaji, furaha ilijaa nyumba nzima. Mwisho wa barua binti aliomba baba yake aazime sare moja kwa ajili ya kijana atakayecheza askari. Baba alikataa papo hapo. Sare ya serikali si vazi la kuazimana, na asiye askari hana ruhusa kuivaa. Mama hakubishana naye. Alilitoa pazia kuukuu la rangi ya kaki, akakaa kwenye cherehani jioni mbili, akashona shati lenye mifuko miwili na mabega yaliyosimama. Kofia aliiunda kwa karatasi ngumu, akaipaka rangi nyeusi.

Siku ilipowadia walipanda teksi asubuhi, mama amembeba mtoto mdogo, na kapu la viazi vya kuchemsha na chupa ya chai miguuni pake. Gari liliteremka hadi njia panda ya Kikorongo, karibu na mstari wa ikweta, kisha likashika njia ya magharibi iendayo mpakani Mpondwe, milima ya Rwenzori ikiwa mkono wa kulia. Baba alikuwa amevaa nguo za kiraia, akiimba kwa sauti ya chini.

Bwaloni madawati yalikuwa yamejaa. Walikuwapo wazazi wa Kikonzo kutoka mlimani, na jamaa zao Wanande waliovuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, hata Lhukonzo, Kinande na Kiswahili vikachanganyika katika benchi moja. Bendi ya tarumbeta haikuwapo. Badala yake wanafunzi waliipiga endara, ile marimba kubwa ya Wakonzo yenye mbao zilizolazwa juu ya magogo ya mgomba, na wazee wawili wakashika ngoma. Nyimbo za Soweto zikaingia katika mwendo wa milimani, wala hazikupungukiwa na kitu. Mama mmoja aliyekaa nyuma alipiga kigelegele, na kuanzia hapo ukumbi wote ukaimba pamoja na jukwaa.

Kisha likaja tendo la risasi. Kijana aliyevaa lile pazia alikuwa mtoto mpole, rafiki wa nyumba, ambaye wakati wa likizo hula mara nyingi katika sahani za mama huyo. Aliinua bunduki ya mti, ngoma ikapigwa mara tatu, na wanafunzi watano wakaanguka, wa tatu akiwa binti wa askari. Mtoto mdogo alipiga ukelele, "Dada!" Mama akamkumbatia na kumziba macho. Baba, aliyekwisha kuliona tendo hilo kwenye filamu mara nyingi bila kutikisika, aliinamisha uso.

Filamu humwonyesha pia askari mweusi anayechomwa moto na wanafunzi wenyewe. Vijana wa Bwera hawakuliruka jambo hilo. Walimzunguka yule kijana mpole, wakamfunika kwa kitambaa chekundu, na endara ikanyamaza. Katika muda mfupi askari huyo wa Kasese alikuwa ameiona sare ikiua, kisha akamwona aliyeivaa akiuawa. Hakuna aliyepiga makofi.

Uganda nayo ina kumbukumbu yake. Byron Kawadwa, mtunzi wa mchezo wa nyimbo "Oluyimba lwa Wankoko" na kiongozi wa Ukumbi wa Taifa wa Kampala, aliupeleka mchezo huo Lagos katika tamasha la FESTAC mwaka 1977. Aliporejea alikamatwa na watu wa utawala wa Idi Amin, akauawa. Waliomkamata nao walikuwa na nyumba zao na watoto wao.

Mchezo ulipokwisha binti aliwasindikiza wazazi wake hadi lango la shule. Alipiga goti kidogo kumuaga baba yake, kisha akauliza, "Baba, wakikuamuru siku moja kuwapiga wanafunzi, utafanyaje?"

Mama alitaka kumkemea, lakini mumewe alimzuia kwa mkono. Alikaa kimya kitambo, ndipo akasema, "Mwanangu, chuoni tulifundishwa kwamba silaha ni ya kulinda maisha. Lakini siku ya ghasia mtu husahau mengi. Namwomba Mungu siku hiyo nikumbuke ulivyoanguka leo."

Njiani kurudi Kasese hakuimba. Walipopita Kikorongo alimwambia mkewe, "Mama watoto, ile filamu nimeitazama miaka yote, wala sikuwahi kumtazama askari." Mama alimjibu kwamba hata yeye aliposhona lile shati hakufikiri lingetumika kwa kazi gani.

Familia za kambini zitafanya vema kuyapokea maonyesho ya shule za jirani kama mwaliko, wala si kama zamu ya ulinzi. Kiingilio kitengwe mapema katika matumizi ya mwezi, watoto wadogo waelezwe kabla kwamba wanaoanguka wataamka, na baba avue sare, aketi benchi moja na mkewe. Baada ya mchezo mtoto asikatazwe kuuliza. Swali lisiloulizwa nyumbani huulizwa barabarani, na huko hakuna nafasi ya kulijibu taratibu.

Lile shati la pazia lilibaki Bwera. Mwalimu alituma salamu kwamba limechanika begani, na mama ameahidi kushona jingine.