Tahariri: Kabla ya kulipia trekta, muulize muuzaji fundi wake anakaa wapi

Mfanyabiashara wa Butembo hafundishwi kununua. Kwa miaka mingi watu wa mji huu wamekwenda Kampala, Nairobi, Dubai na Guangzhou, wakarudi na vitambaa, mabati, pikipiki, malori na piesi za kila aina. Bila msaada mkubwa wa serikali wamejenga soko linalohudumia Beni, Lubero na hata Ituri. Lakini kuna bidhaa moja ambayo ujuzi huu pekee hautoshi: trekta. Kitambaa ukishalipia ni chako na mambo yamekwisha. Trekta ukishailipia ndipo safari inaanza, na utaifanya pamoja na aliyekuuzia, au utaifanya peke yako.

Mtu anayetaka trekta kwa kawaida huuliza bei kwanza. Kisha huuliza nguvu ya injini, kisha jina la kampuni. Sisi tunaona maswali haya yanakuja mapema mno. Swali la kwanza lingekuwa hili: mashine ikisimama shambani, nani atakuja kuitengeneza, atatoka wapi, atafika baada ya siku ngapi, na piesi ataipata kwa nani?

Kwetu huku swali hilo lina uzito kuliko kwengine, na sababu ni misimu na barabara. Tunalima misimu miwili kwa mwaka: ule wa A unaoanza Agosti na Septemba, na ule wa B unaoanza Februari na Machi. Muda wa kutayarisha udongo kabla ya mvua kukolea ni wiki chache tu. Trekta ikikosa filta ya mazutu au sili ya pampu kwa wiki tatu, haikukosa kazi ya wiki tatu, imekosa msimu mzima. Mkulima aliyeuza kakao ya Beni au viazi vya Lubero, au chama cha ushirika kilichochangisha wanachama wake, hakiwezi kubeba hasara hiyo mara mbili.

Barabara nayo imebadilika. Zamani mtu wa Butembo aliweza kuchagua kati ya Goma na Kampala. Tangu Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, njia ya kusini imekatwa na mstari wa vita, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Muuzaji mwenye depo Goma, hata kama ni mwaminifu, hawezi kukuahidi piesi kwa siku mbili. Mlango mkubwa uliobaki ni Kasindi. Kutoka Kampala hadi mpaka wa Mpondwe ni zaidi ya kilomita 400, kisha kilomita 80 hadi Beni, na nyingine 54 hadi Butembo. Barabara hizo mbili za upande wetu zimo katika mradi ambao marais Tshisekedi na Museveni waliuzindua mwezi Juni 2021, lakini lami haiondoi wasiwasi wa usalama, na kila mtu anayepita huko anajua kwamba shambulio moja linaweza kusimamisha magari kwa siku kadhaa.

Tena, Kongo ilitia sahihi mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, lakini mtu asidhani kwamba piesi inavuka Kasindi kama inavyotoka Kampala kwenda Kasese. DGDA na OCC wapo, karatasi zinatakiwa, na mzigo unaweza kulala mpakani.

Sasa tuwatazame wauzaji wenyewe. Kuna wa aina tatu. Wa kwanza ni wakala rasmi wa Kampala, anayewakilisha kiwanda kama Massey Ferguson, John Deere, New Holland au Mahindra. Bei yake kwa kawaida iko juu, lakini ana garaji, ana mafundi waliofundishwa na kiwanda na ana stoki. Udhaifu wake ni kwamba yuko ng'ambo ya mpaka. Garanti aliyoiandika kwa mkulima wa Masindi inaweza kuwa haina nguvu ukiisha kuvuka Kasindi, na wengi hugundua hilo siku ya kuhitaji. Muulize waziwazi: garanti hii inafanya kazi Butembo? Akisema ndiyo, aandike.

Wa pili ni mfanyabiashara wetu wa hapa, anayeleta mashine moja au mbili kutoka China, India au Dubai ndani ya kontena pamoja na bidhaa nyingine. Unamjua, unajua nyumba yake na kanisa lake, mtaongea Kiswahili au Kinande, na atakukubalia kulipa kwa awamu. Hayo si mambo madogo. Lakini yeye ni muuzaji wa vitu vingi, na mwaka ujao anaweza kuleta jina lingine kwa sababu lina faida zaidi. Hapo trekta yako inabaki yatima.

Wa tatu ni muuzaji wa mashine zilizotumika. Trekta nzuri ya zamani inaweza kuwa bora kuliko mpya isiyojulikana, mradi ni ya aina ambayo mafundi wa hapa wameizoea na piesi zake zinauzwa bado. Lakini usiinunue kwa picha ya simu. Nenda na fundi wako mwenyewe, iwashwe ikiwa baridi, ifungwe jembe, ilime mbele yenu hata nusu saa, na mtazame kama haidroliki inainua jembe na kulishikilia juu bila kulishusha polepole.

Majirani zetu wamekwisha kulipa ada ya somo hili. Tanzania ilichukua mkopo wa dola milioni 55 kutoka Poland ili kuleta matrekta 2,400 ya Ursus, yaunganishwe Kibaha, mkoa wa Pwani, chini ya shirika la serikali la NDC. Palikuwa na kiwanda, palikuwa na mkopo, palikuwa na hotuba. Baadaye wakulima walilalamika juu ya ubovu na uhaba wa vipuri, hata mambo yakafika bungeni. Na mwaka 2021 kampuni ya Ursus yenyewe ikatangazwa kufilisika huko Poland. Kama dola yenye bandari na wataalamu iliweza kukwama namna hiyo, mkulima mmoja wa Oicha au Kyondo ajihadhari mara mbili.

Na nyumbani tuna Bukanga-Lonzo. Shamba lile kubwa, upande wa Kinshasa, lilizinduliwa mwaka 2014 kwa mashine mpya zilizopangwa mbele ya kamera, na mwaka 2017 likaachwa. Habari ya fedha zake ni ya mahakama. Ya mkulima ni hii: mashine nyingi hazikufa kwa kulima sana, zilioza zikiwa zimesimama.

Je, tufanyeje? Jibu lipo barabarani, mbele ya macho yetu. Kwa nini kijana wa Butembo hanunui pikipiki ya jina geni, hata kama ni rahisi? Kwa sababu anajua TVS au Boxer ikiharibika Musienene au Mangina, atampata fundi kabla ya jua kuzama, na piesi iko kwenye kibanda cha jirani. Hakuna waziri aliyeamuru hivyo. Wingi wa pikipiki za aina moja ndio ulioleta piesi, na piesi zikaleta mafundi. Malori ya Fuso ni vivyo hivyo.

Kwa trekta tunafanya kinyume. Huyu ananunua ya China, yule ya India, mradi wa msaada unaleta ya tatu, na kila moja ina filta yake. Matrekta 10 ya majina 10 hayawezi kumshawishi mfanyabiashara yeyote kufungua depo. Matrekta 10 ya aina moja yanaweza. Kwa hiyo tunavishauri vyama vya ushirika, na mashirika ya wakulima kama SYDIP, COOCENKI na LOFEPACO yenye makao hapa Butembo, kukaa meza moja kabla ya kila mmoja kwenda njia yake. Wakubaliane juu ya aina moja au mbili kwa eneo zima, kisha wawaite wauzaji washindane. Mnunuzi mmoja huomba huduma. Wanunuzi 10 wakiwa pamoja wana uwezo wa kuidai.

Katika mashindano hayo, tungependa muuzaji apimwe kwa mambo matano kabla ya bei.

Kwanza, stoki upande huu wa mpaka. Filta za mazutu, za oili na za hewa, mikanda, sili, diski za klachi, pampu ya maji: vitu hivi viwe Butembo au Beni. Usikubali neno «vinapatikana». Nenda uvione na uulize bei ya kila kimoja, kwa maana wengine hupunguza bei ya trekta na kuirudisha kwenye piesi.

Pili, fundi. Ana jina, ana simu, anakaa hapa, na amewahi kufungua injini ya aina hiyo? Muuzaji asiye na fundi hapa akubali kumfundisha kijana wetu. ITAV na shule zetu za ufundi zina vijana wanaongoja nafasi hiyo.

Tatu, huduma ya mwanzo. Trekta nyingi mpya hutakiwa kubadilishwa oili na kukaguliwa baada ya saa 50 za kazi, kisha kila baada ya saa zilizoandikwa katika kitabu chake. Huduma ya kwanza ifanywe shambani na muuzaji, na iwe ndani ya bei. Kitabu nacho kiwe cha Kifaransa au Kiswahili, si cha Kichina peke yake.

Nne, wateja wa zamani. Aonyeshe watu watatu waliomnunulia miaka miwili iliyopita. Wapigie simu bila yeye kuwapo. Swali lako liwe moja: ilipoharibika, alikuja?

Tano, ushauri wa kweli juu ya udongo. Muuzaji mwema hukataa kukuuzia kisichokufaa. Milima ya Lubero yenye mashamba madogo na miteremko mikali si mahali pa trekta kubwa. Huko itapinduka na kuua dereva, au italegeza udongo ambao mvua itaushusha bondeni. Kwa mashamba hayo mashine ndogo ya kusukuma kwa mikono, au ng'ombe, au jembe la mkono, bado ni jibu la heshima. Trekta ina nafasi yake kwenye tambarare upande wa Semuliki na sehemu tulivu za Beni, palipo na usalama na hati za ardhi zisizo na ugomvi. Na mahali palipokuwa msitu, penye visiki na mizizi, jembe la diski huvumilia zaidi kuliko lile la ulimi. Kuna na jambo la urefu kutoka baharini: injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Butembo iko juu ya mita 1,700. Farasi 50 za kwenye karatasi si farasi 50 za hapa, na muuzaji asiyelijua hilo hajui anachouza.

Baada ya hapo ndipo bei, na baada ya bei, karatasi. Tuna desturi ya kuuziana kwa kuaminiana, na desturi hiyo imeujenga mji. Lakini kwa trekta, neno lililosemwa liandikwe: namba ya chasisi na ya injini, muda wa garanti, siku za kuitikia mwito, nani analipa ushuru na karatasi za DGDA zitakuwa kwa jina la nani. «Nitapanga mwenyewe Kasindi» si jibu. Kongo ni mwanachama wa OHADA tangu 2012, na katika mauzo baina ya wafanyabiashara, sheria hiyo inamtaka mnunuzi atangaze kasoro inayoonekana ndani ya mwezi mmoja tangu kupokea mali. Anayenyamaza kwa aibu ya urafiki anaweza kupoteza haki yake. Na usilipe yote siku ya kwanza. Sehemu ibaki hadi trekta ilime shamba lako mwenyewe.

Wauzaji nao wana neno lao, na ni la haki. Kufungua depo ya piesi mahali penye vita, ambapo mzigo unaweza kukwama au kuporwa, na ambapo kila ofisi ina taksi yake, si mchezo. Ndiyo maana hatuwaombi sadaka. Tunaiomba FEC na viongozi wa jimbo wakae na wakulima na wauzaji, waangalie namna piesi za kilimo zitakavyopita Kasindi bila kuzungushwa. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 imezungumzia msamaha wa ushuru kwa pembejeo. Viongozi watueleze hadharani inatumikaje mpakani.

Kwa mkulima tunasema: usiharakishwe na punguzo la wiki hii. Msimu mwingine utakuja, na jembe la mkono bado lipo. Muuzaji akishindwa kukuonyesha fundi wake na rafu yake ya piesi, mshukuru, umlipe chai yake, uondoke na pesa yako.