Kuuliza pesa ya safari imelipwa wapi si kukosa imani

Kila kundi la marafiki lina ile safari moja ambayo imepangwa WhatsApp tangu zamani na haijawahi kuondoka. Yetu ilikuwa ya kwenda Masai Mara kupanda puto la hewa moto. Tulikuwa sita, na mpango ulikuwa rahisi: tutoke Nairobi Jumamosi asubuhi, tusimame pale juu baada ya Limuru tupige picha za Bonde la Ufa, tushuke Mai Mahiu, tunywe chai na kuweka mafuta Narok, jioni tuwe lango la Sekenani. Jumapili alfajiri tupande puto, mchana turudi mjini.

Mimi ndiye nilichaguliwa kushika pesa, na hakuna aliyeniuliza chochote. Nilifikiri hiyo ni heshima. Leo nasema bila kuzunguka: kundi ambalo haliulizi maswali kuhusu pesa yake halimheshimu mweka hazina. Linamwacha peke yake.

Ofa iliyotupata

Kupanda puto Mara si bei ya mkate. Ni safari ya kama saa moja, na kwa kawaida unaitishwa dola mia kadhaa kwa mtu, yaani zaidi ya Sh50,000. Ukielewa kazi yenyewe utaona ni kwa nini. Puto halina usukani. Rubani hulipandisha na kulishusha akitafuta upepo unaoelekea anakotaka, ndiyo maana wanaruka alfajiri hewa ikiwa imetulia. Huko chini kuna gari na wafanyakazi wanaolifuata mpaka litue. Weka leseni, gesi, bima na kile kiamsha kinywa cha porini, bei inapanda.

Kwa hivyo nilipoona tangazo mtandaoni la Sh20,000 kwa mtu, ningeshtuka. Sikushtuka. Nilimwandikia mwenye tangazo kwamba tuko sita, na dakika chache baadaye akanijibu: "Una bahati, zimebaki nafasi sita za mwisho." Malipo ya kwanza Sh5,000 kwa kila mtu, mwisho saa sita usiku.

Mimi nilisomea masoko. Hii mbinu ya "nafasi za mwisho" nimeiandikia mtihani na nikapita. Inafanya kazi kwa sababu inakunyima muda wa kuuliza mtu mwingine. Najua hivyo vyote, na bado nilituma Sh30,000 usiku huo huo. Nambari ilikuwa ya mtu binafsi. Kabla ya kuthibitisha, simu ilinionyesha jina ambalo halikufanana hata kidogo na lile la kampuni kwenye tangazo. Nikamuuliza. Akasema huyo ni mhasibu wao. Nikaweka nambari yangu ya siri.

Kesho yake simu yake haikupatikana. Niliomba muamala urudishwe, lakini pesa ilikuwa imeshatolewa. Hapo ndipo wengi wetu hatuelewi vizuri: kurudisha muamala kunasaidia kama pesa bado iko kwenye akaunti ya aliyeipokea. Ikitolewa, njia inayobaki ni kuripoti kwa polisi, na hiyo ni safari nyingine.

Kosa la pili lilikuwa kunyamaza

Kilichoniumiza zaidi si ile Sh30,000. Ni zile siku mbili nilizokaa kimya. Grupu ilikuwa inachangamka, watu wanaulizana watavaa nini kwa baridi ya alfajiri, na mimi natuma emoji za kucheka. Huku kando nilikuwa nimefungua programu ya mikopo, nahesabu kama naweza kukopa Sh30,000, nilipe kampuni halali, na hakuna atakayejua.

Fikiria hiyo hesabu kidogo. Ningekopa kwa riba ili kuficha hasara ambayo haikuwa yangu peke yangu, halafu bado pesa isitoshe kwa sababu bei ya kweli ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya tangazo. Kutoka kosa moja ningeingia mawili. Kilichoniokoa ni swali la rafiki mmoja: "Kwani tulilipa kwa till gani? Nataka kuweka kumbukumbu." Hakuwa ananishuku. Aliuliza tu. Nikamwambia kila kitu.

Najua kuna wanaosema marafiki wakianza kuitishana risiti, urafiki umekwisha. Mimi naona kinyume. Kama swali hilo lingekuja kabla sijatuma, tungekuwa na pesa yetu. Lilipochelewa, bado lilinitoa kwenye mkopo. Swali la rafiki lilinisaidia kuliko imani ya watu wanne walionyamaza.

Nani alipe?

Hapa ndipo makundi mengi huvunjika. Wengine walitaka nirudishe yote. Mwingine akasema tusahau, ni pesa tu. Tulikubaliana hivi: mimi nibebe nusu, yaani Sh15,000, kwa sababu niliona jina halifanani na nikaendelea. Hao watano wabebe Sh3,000 kila mmoja, kwa sababu walinipa pesa bila kuniwekea utaratibu wowote. Nilimrudishia kila mmoja Sh2,000, kidogo kidogo kwa miezi mitatu. Naamini ilikuwa haki. Anayeshika pesa ana wajibu wa kuangalia, na wenye pesa wana wajibu wa kuuliza.

Mambo tunayofanya sasa, na ningependa kundi lolote liyafanye kabla ya kutuma hata shilingi:

1. Kampuni ikaguliwe kwanza. Kampuni za utalii hupewa leseni na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii (TRA). Wanaorusha maputo wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Itisha nambari ya leseni, kisha uthibitishe kwa mamlaka yenyewe, si kwa picha uliyotumiwa.

2. Lipa kwa nambari ya biashara. Till au Paybill hukuonyesha jina la biashara kabla hujathibitisha. Likitofautiana na la kampuni, simama hapo. Na till peke yake si dhamana. Hata tapeli anaweza kuwa nayo. Ndiyo maana namba moja inatangulia.

3. Watu wawili waone kabla ya kutuma. Anayeshika pesa atume nambari na jina kwenye grupu, na angalau mmoja ajibu "nimeangalia". Ofa ambayo haiwezi kungoja jibu la rafiki yako haifai.

4. Pesa ya kundi isichanganywe na ya matumizi. Ikikaa pamoja na ya nauli na unga, hutajua lini umeigusa. Iweke kwenye akaunti yake, na kila mwisho wa mwezi weka taarifa kwenye grupu bila kungoja kuulizwa.

5. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Piga simu kwa huduma kwa wateja mara moja, halafu waambie wenzako. Kila saa inayopita inampa tapeli nafasi ya kutoa pesa.

Tulienda Mara hata hivyo, wikendi ile ile, bila puto. Tulilipa ada ya hifadhi, ambayo husimamiwa na Kaunti ya Narok, tukalala kwenye kambi ya bei nafuu nje ya lango. Jumapili alfajiri tuliyaona maputo yakipanda moja baada ya jingine juu ya nyanda, na magari yakiyafuata chini. Tulikuwa sita kwenye baridi, tumeshika vikombe vya chai, na hakuna aliyekuwa ananinunia. Kama ningekopa na kunyamaza, sijui kama ningeweza kusimama pale nao.

Sasa tunachanga tena, Sh3,000 kwa mwezi kila mtu. Bado nashika pesa mimi, lakini naulizwa kila wiki, na silali na wasiwasi.

Na nyinyi je, pesa ya safari yenu iko kwa simu ya nani? Mwulize leo. Atakushukuru.