Mali Bila Daftari

Wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hudhaniwa kuwa ni ya wenye maduka, walakini siku hizi yawahusu wanavyuoni kuliko wachuuzi. Chuo kikuu ni mkusanyaji mkubwa wa mali za watu: majina yao, umri wao, maradhi yao, mavuno yao, hadithi na nyimbo zao. Mali hiyo huitwa data. Ni za nani, na nani atazitolea hesabu?

Mkoa wa Singida una haki ya kuuliza. Katika miaka ya 1930 daktari Mjerumani, Ludwig Kohl-Larsen, alizuru pande za ziwa Eyasi akakusanya hadithi za Wahadzabe na majirani zao. Zikatoka vitabuni kwa Kijerumani. Mwaka 1959 na 1960 Harold Schneider wa Marekani alikaa na Wanyaturu, akachunguza ng'ombe na nafaka zao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970 kwa Kiingereza. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza uchunguzi wa vijidudu vya matumboni mwa Wahadzabe 27. Elimu ya dunia imeongezeka kwa kazi hizo. Lakini kijana wa Munguli, kijiji cha Mkalama wakaamo Wahadzabe, ikiwa lugha ya kusomea aijuayo ni Kiswahili tu, hana njia nyepesi ya kusoma yaliyoandikwa juu ya wazee wake.

Ni rahisi kuwalaumu wageni. Yafaa pia kumtazama mwanachuo wa Kitanzania afikaye Ikungi na hojaji mkononi. Mama mmoja humweleza magunia ya alizeti aliyovuna na watoto aliozika. Shahada ikipatikana, karatasi huachwa kabatini, sauti ya mama hubaki katika simu ya mtu, na jina lake hupita kutoka kompyuta hata kompyuta. Tofauti ya mwanachuo huyu na mgeni ni ipi, ila umbali wa safari?

Wako wasemao kwamba data ni mali ya aliyezikusanya, kwa kuwa ndiye aliyetoka jasho. Jibu lao liko kwa Wanyaturu wenyewe. Kwao mtu aweza kumkabidhi mwenziwe ng'ombe amchungie. Mchungaji hunywa maziwa, na hapana amlaumuye; lakini ng'ombe hageuki kuwa wake kwa sababu amemlisha. Mtafiti naye na anywe maziwa: shahada, cheo na sifa. Ng'ombe ana mwenyewe.

Wengine wasema kwamba kanuni mpya zitaifunga elimu, na kwamba vibali vya utafiti vyatosha, maana Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia imekuwapo kwa sheria ya mwaka 1986. Kibali ni ruhusa ya kuingia shambani. Si ulinzi wa ghala baada ya mavuno. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi lililo wazi na halali, na mkusanyaji awe na afisa wa kuzilinda. Chuo hakiwezi kufundisha sheria darasani na kuisahau ofisini.

Wa tatu hudhani kwamba dawa ni kununua mashine. Mashine haina haya: huhifadhi siri na kuitoa kwa utii ule ule. Linalotakiwa kwanza ni utaratibu. Pawe na daftari moja la chuo, lionyeshe kila data zilizokusanywa, wapi, kwa ahadi gani. Pawe na mlinzi anayejulikana kwa jina, si kamati isiyokutana. Pawe na kanuni ya nani aruhusiwe kuzisoma, na lini majina yafutwe. Mwisho, matokeo yarudi kijijini kwa Kiswahili, na sauti za Kinyaturu, Kinyiramba na Kihadzabe zirudi kwa wenye lugha hizo.

Kazi hii yataka fedha na subira. Lakini chuo kisichoweza kumwambia mama wa Ikungi maneno yake yako wapi leo, hakistahili kumwomba mengine kesho.