Si kila mkojo unaowaka ni UTI

Wadau, leo naongelea jambo la mama zetu. Najua wapo watakaosema mtoto huyu hana adabu. Nivumilieni.

Juzi nilikuwa Handeni, mama mdogo akaniomba nimsindikize hospitali Korogwe. Ndani ya basi akaninong'oneza: anakwenda haja ndogo kila saa, mkojo unamuunguza, na "huko chini kumekauka". Ana miaka 58. Mwaka huu ameshameza dozi nne za antibayotiki za duka la dawa. Hakuna aliyempima mkojo. Majirani wanamwambia ni uzee, avumilie.

Avumilie nini jamani? Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni hushuka. Utando wa uke na wa njia ya mkojo unakuwa mwembamba na mkavu, bakteria walinzi wanapungua, na UTI za kweli nazo zinapata mwanya. Lile joto la ghafla mwilini kwa wengi hupungua na miaka. Ukavu huu usipotibiwa, mara nyingi huzidi.

Korogwe daktari alimpima mkojo: safi. Kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza: hedhi ilikoma lini?

Tiba zipo. Kuna vilainishi vya maji kwa ajili ya tendo la ndoa. Visipotosha, kuna krimu au vidonge vya estrojeni vya kuweka ukeni, kwa dozi ndogo: kila siku kama wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Mwaka 1993 Raz na Stamm walichapisha utafiti wa wanawake 93 wenye UTI za kujirudia. Waliotumia krimu hiyo waliugua wastani wa mara 0.5 kwa mwaka, wasiotumia mara 5.9. Miaka zaidi ya 30 imepita!

Krimu yenyewe tuliikosa maduka matatu, ikabidi iagizwe Dar. Antibiotiki zilikuwepo kote.

Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze na daktari kwanza. Na damu ikitoka baada ya hedhi kukoma, ni hospitali haraka.

Hoja yangu: mama wa umri huo akilalamikia mkojo, apimwe na aulizwe kabla ya kupewa vidonge. Na dawa hii ifike wilayani. Sisi nasi tuwaulize mama zetu. Wangu alificha miaka mitatu.

Mnasemaje wadau?