NENO LA NESI, Sehemu ya 6: Wembe mmoja, mmea mmoja

Leo naongelea ua, ila msiondoke.

Wiki iliyopita nilikwenda kumpongeza rafiki yangu aliyejifungua. Dirishani kulikuwa na okidi aliyoletewa zawadi, maua yote yameshadondoka. Akataka kuitupa. Nikamwambia ngoja, hiyo haijafa, imemaliza kazi na sasa inapumzika kama wewe. Inahitaji kukatwa bua tu. Akacheka, akanyoosha mkono juu ya kabati, akachukua wembe. Ule ule anaomkatia mtoto kucha.

Hapo mimi sikucheka.

Kwanza ua. Okidi nyingi tunazopeana zawadi ni Phalaenopsis. Maua yakiisha, tazama lile bua lililoyabeba. Likiwa limekauka na kuwa la kahawia, likate karibu na majani. Likiwa bado kijani na mmea una afya, hesabu vifundo 2 au 3 kutoka chini, kata juu kidogo ya hapo. Linaweza kuchipua tena. Kama majani yamelegea, kata bua lote mmea upate nguvu. Halafu subiri. Inapenda ubaridi kidogo usiku ili itoe bua jipya, kwa hiyo wa Mbeya na Arusha mna bahati kuliko sisi wa Dar.

Sasa wembe. Kuna virusi vya okidi vinavyohama na utomvu kwenye makali, toka mmea mmoja hadi mwingine, na mmea ukishavipata hauponi. Ndiyo maana wakuzaji makini hutumia wembe mpya kwa kila mmea, au huyapitisha makali kwenye moto.

Jamani! Ua linapewa wembe wake, mtoto je?

Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa nje ya mwili siku 7 na bado kikaambukiza, hata kwenye damu iliyokauka ambayo huioni kwa macho. Na nyumba nyingi ninazoingia, wembe ni mmoja: ndevu za baba, nywele za mtoto, kucha, uzi wa nguo. Najua mtasema, "Nesi, tunauosha kwa sabuni." Kuosha hakutoshi. Kwa maoni yangu huko siyo kubana matumizi, ni kucheza na afya. Wembe mpya ni rahisi kuliko nauli ya kwenda hospitali.

Mtoto awe na kikata kucha chake, asichangie na mtu. Wembe uliotumika weka kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko, mbali na watoto, usiutupe hivi hivi kwenye taka ukamkata mtu.

Rafiki yangu alifungua wembe mpya, akakata bua, okidi ikabaki dirishani. Ule wa zamani tukautia kwenye chupa.

Na wa kwenu, uko wapi sasa hivi? Inuka ukauangalie. Tukutane sehemu ya 7.